Kisiwa Kisicho na Magari

Tulikwenda Ugiriki kwa ajili ya Mtume Paulo. Hydra tulikwenda kwa ajili ya goti.

Sisi ni mume na mke. Mmoja wetu ni mchungaji, siku hizi akifundisha katika chuo cha theolojia. Mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa neema ya Mungu tulipata nafasi ya kuungana na wachungaji wenzetu na wenzi wao katika safari ya mafunzo kwenye miji ambayo Paulo alihubiri. Athene tulipanda Areopago, mwamba mtupu uliosuguliwa na miguu ya watu mpaka unateleza. Korintho tulitembea katikati ya magofu. Kenkrea, bandari ya kale ambayo sehemu yake imezama majini, tulisoma Matendo 18:18, tunapoambiwa kwamba Paulo alinyoa kichwa chake kwa sababu ya nadhiri. Siku zote hizo tulikuwa tunakimbia. Basi linasimama, tunashuka, tunapiga picha, tunapanda, basi linaondoka. Siku ya saba goti la mmoja wetu lilikuwa limevimba, na kiongozi wa msafara akasema kesho yake sisi wawili tubaki tupumzike.

Mama mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia Athene alitusikia. Akasema, kama ni kupumzika, msipumzikie hapa kwenye kelele. Nendeni Hydra mkashinde huko, mrudi jioni. Kule hakuna magari.

Tulicheka. Mtu mwenye goti bovu anapelekwaje mahali pasipo na gari? Lakini asubuhi na mapema tulikuwa bandarini Piraeus na tiketi mkononi.

Hydra ni kisiwa kidogo cha mawe, kama kilometa za mraba 50, chenye wakazi wapatao 2,000. Boti ya mwendo kasi kutoka Piraeus hufika kwa muda usiozidi saa mbili hivi, ikikata Ghuba ya Saroniki, ghuba ileile ambayo Paulo aliianza safari yake alipotoka Kenkrea kurudi upande wa mashariki. Kutoka mbali hukioni kitu ila mlima mkavu. Kisha boti inakunja kona, na ghafla bandari inafunguka kama kiganja: nyumba nyeupe na za rangi ya mawe zimepandana kila upande, moja juu ya nyingine, kuelekea mlimani.

Tuliposhuka gatini tulisimama kwa dakika kadhaa bila kujua ni kitu gani kimepungua. Watu walikuwapo, tena wengi. Paka walikuwapo kila kona. Kengele ya kanisa ililia. Ndipo mmoja wetu akasema, "Hakuna injini." Ni kweli. Mara boti ilipozima injini yake, kilichobaki kilikuwa sauti za watu, maji yakipiga ukuta wa bandari, na kwato juu ya mawe.

Sheria ya kisiwa hairuhusu magari wala pikipiki za watu binafsi. Yako machache tu ya huduma ya umma, kama la kuzoa taka. Mengine yote huenda kwa miguu ya mtu, kwa miguu ya mnyama au kwa mashua. Msomaji aliyewahi kufika Lamu ataelewa upesi. Ila mnyama wa Hydra zaidi ni nyumbu, na hatumaanishi yule wa Serengeti. Huyu ni nyumbu wa Biblia, mtoto wa punda na farasi, ambaye Daudi aliagiza Sulemani apandishwe siku ya kutawazwa (1 Wafalme 1:33), na ambaye Absalomu alikuwa amempanda siku kichwa chake kiliponaswa kwenye matawi ya mwaloni (2 Samweli 18:9). Pale gatini walikuwa wamepangwa, matandiko mgongoni. Mmoja alibebeshwa mifuko ya saruji, mwingine masanduku ya wageni wa hoteli. Wa tatu alikuwa na jokofu zima ubavuni, limefungwa kwa kamba, na upande wa pili mzigo wa kulisawazisha.

Hatutaki kukipamba kisiwa hiki. Hatukukuta watakatifu. Bandarini zilikuwa zimeegeshwa mashua za matajiri, na bei ya kikombe kimoja cha kahawa ilitufanya tuagize kimoja na vijiko viwili. Hata ukosefu wa magari haukuanza kwa utakatifu. Umeanza kwa ngazi. Mji umejengwa kwenye mteremko, vichochoro vyake ni ngazi za mawe, na gari halina pa kupita. Watu waliipenda hali hiyo wakailinda kwa sheria.

Historia yao pia ni ya watu wa kawaida, wenye ujasiri na tamaa. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 manahodha wa Hydra walitajirika kwa kusafirisha nafaka wakati wa vita vya Napoleon, wakipenya katikati ya meli za kivita zilizofunga njia. Majumba makubwa ya mawe yanayoonekana mpaka leo ni yao. Wagiriki walipoanza vita vya uhuru mwaka 1821, kisiwa hiki kidogo kilitoa meli zaidi ya mia moja, na mtu wao, Andreas Miaoulis, akawa amiri wa jeshi la majini. Sanamu yake iko pale bandarini. Baadaye biashara ya meli ilidorora, wanaume wakaingia katika kazi ya kuzamia sifongo, ile tunayoisoma katika habari za mateso ya Bwana, na wengi waliumia au kufa vilindini. Waliobaki nyumbani waliishi kwa kungoja. Tuliambiwa kwamba Ijumaa Kuu, katika kijiji cha Kamini kilicho jirani, wanaume hubeba jeneza la mfano la Kristo, lililopambwa kwa maua, wakaingia nalo baharini mpaka maji yawafike mwilini, na hapo huombewa wale ambao bahari iliwachukua.

Tuliingia katika kanisa kuu lililo palepale bandarini, ambalo zamani lilikuwa la monasteri. Sisi Walutheri hatuna desturi ya kubusu ikoni, basi tulikaa nyuma kimya. Kila aliyeingia alikuwa na kitu mkononi: kikapu cha nyanya, mkate, ufunguo. Waliwasha mshumaa, wakaupachika mchangani, wakasema lao na Mungu, wakatoka kuendelea na siku. Hakuna aliyeonekana kuwa na haraka, wala hakuna aliyekawia.

Juu ya mji, karibu na kilele, iko monasteri ya Nabii Eliya. Hiyo ndiyo tuliyotaka kuiona. Kwa miguu ni mwendo wa saa nzima au zaidi kwa mtu mzima wa goti, ukipanda bila kupumzika. Kwa hiyo tuliafikiana na mzee mmoja mwenye nyumbu wawili. Nyumbu wa kwanza akampakia mmoja wetu. Wa pili alikuwa na mizigo ya watu wa huko juu: mtungi wa gesi, gunia la viazi, maboksi ya maji. Mzee mwenyewe hakupanda. Wala mume hakupanda. Kulikuwa na nafasi ya mmoja tu.

Kwa miaka mingi safari zetu zimekuwa za kukaa ubavu kwa ubavu tukitazama mbele kwenye kioo. Sasa mmoja alikuwa juu, mwingine chini akishika tandiko, na mwendo wa wote ulikuwa mwendo wa nyumbu. Mzee alitusikia tukihema akasema, "Sigá, sigá." Hatukuhitaji mkalimani. Kama sisi tunavyosema polepole, na wao neno lao hulitaja mara mbili.

Hatukuwa tumefika hata nusu ya mji. Kwenye ngazi mbele ya mlango wa bluu alikuwa amekaa bibi kizee aliyevaa nguo nyeusi. Mzee wetu akasimamisha wanyama. Akafungua mtungi wa gesi, akaubeba begani, akaingia nao ndani. Tukasikia vyuma vikigongana, alikuwa anamfungia. Kisha tukasikia mazungumzo. Kisha kicheko. Kisha kimya, na mazungumzo tena. Sisi tulibaki nje juani tukitazama saa. Boti ya kurudi ilikuwa ya saa kumi na nusu jioni. Tulikuwa tumelipa. Tulikubaliana kwa macho, kama wafanyavyo watu waliooana siku nyingi, kwamba mzee huyu hana adabu ya kazi.

Bibi akatoka na sinia. Glasi mbili za maji na tini nne zilizokaushwa. Alimpa aliyekuwa chini, kisha akanyoosha mkono juu kumpa aliyekuwa kwenye nyumbu. Akasema maneno ambayo hatukuyaelewa, akampapasa yule mwenye goti mguuni, palepale penye uvimbe, ambapo hatukuwa tumemwonyesha. Bila shaka mzee alimweleza.

Tulipoondoka, mzee akatuomba radhi kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Kwa maana yake alisema hivi: napita hapa kila siku, mume wake alikufa, siwezi kupita tu.

Tulipanda zaidi ya nusu saa bila kusema neno. Kila mmoja wetu alijua mwenzake anawaza nini. Tulikuwa hatujalizungumza jambo lile kwa miaka tisa.

Usharika wetu wa kwanza ulikuwa katika milima ya Upare. Ulikuwa na mitaa mitano, na mitatu kati yake ilifikiwa kwa miguu. Tulikuwa vijana, hatukuwa na kitu, na tulitembea. Mahali njia inapoanza kupanda kwenda mtaa wa mbali zaidi palikuwa na nyumba ya bibi mmoja mjane. Alikaa mlangoni kwenye kigoda, akipukuchua mahindi au akimenya tangawizi. Kila tulipopita alituita: "Wanangu, karibuni mpumue." Tulipumua. Tulikunywa chai ya tangawizi, na siku nyingine tulikuta sufuria ya makande. Tulipokuwa tunakunywa, yeye alitupa habari. Fulani hajatoka ndani siku tatu. Kwa fulani mtoto amerudishwa shule kwa kukosa sare. Yule mzee wa kanisa na mkewe hawasemezani. Hakuwa msengenyaji, habari hizo alizibeba kama mtu aliyepewa vitu vya watu avitunze, na akawa anatukabidhi. Sehemu kubwa ya yale ambayo washarika waliyaita hekima ya mchungaji wao ilitoka kwenye kile kigoda.

Mwaka wa tano washarika waliona kwamba tunachoka, wakaamua kutununulia gari. Wengine walileta kahawa, wengine tangawizi, wengine mbuzi, na vyote vikanadiwa baada ya ibada. Bibi alileta kuku jike, akamkabidhi mezani kwa mikono miwili. Fedha ziliongezeka mwezi hadi mwezi, na gari likapatikana, pikapu iliyotumika, na siku ya kuiweka wakfu watu waliimba mpaka jioni. Barabara nayo ilikuwa imechongwa.

Hatutalisema vibaya gari lile. Lilishusha akina mama wenye uchungu usiku kwenda hospitali. Lilibeba majeneza na mabati ya kanisa. Mtoto mmoja yuko hai leo kwa sababu ya gari lile. Lakini mwendo kutoka chini hadi mtaa wa juu, ambao ulikuwa wa saa mbili, ukawa wa dakika ishirini na tano. Na nyumba ya Bibi iko kwenye kona ambapo dereva hawezi kusimama, kwa maana akisimama ataanza kupanda mlima kwa shida. Tukapiga honi. Bibi akapunga mkono. Tukapunga mkono. Ikawa ndiyo desturi mpya.

Siku moja tulikutana naye nje ya kanisa. Akasema, "Baba mchungaji, Mama, siku hizi mnapita kama basi." Tukacheka, naye akacheka. Tukamwambia, "Tunakuja, Bibi. Wiki ijayo." Tulisema kwa moyo kabisa. Na kila wiki ilikuwa na wiki ijayo yake.

Masika ya mwaka huo kigoda hakikuwapo mlangoni. Tulipita mara nne. Tulidhani amekwenda kwa binti yake mjini. Mwinjilisti alipokuja kutuambia kwamba Bibi ni mgonjwa, tulipanda asubuhi iliyofuata, tukakuta watu wamekaa nje. Alikuwa amefariki alfajiri.

Tulimzika kwa heshima zote. Mahubiri yalikuwa mazuri. Watu walisema hivyo. Baada ya maziko mjukuu wake, msichana wa darasa la sita aliyekuwa akimuuguza, alisimama karibu nasi akisubiri tumalize kuagana na wazee. Hakuwa analaumu. Alikuwa anatupa habari, kama alivyokuwa bibi yake. Akasema, "Bibi akisikia gari alikuwa ananiambia fungua mlango, wanakuja."

Hilo ndilo tulilolibeba miaka tisa. Tulihamishwa usharika mwingine, kisha chuoni. Tumekaa meza moja, tumelala kitanda kimoja, tumeomba pamoja asubuhi na jioni, na jambo hilo hatukuligusa. Kila mmoja alidhani anamkinga mwenzake.

Monasteri ya Nabii Eliya ilijengwa mwaka 1813. Kuta zake ni nyeupe, ua wake umefagiliwa, na ukisimama ukutani unaiona bahari mpaka milima ya bara. Katika vita vya uhuru, Wagiriki walipogombana wao kwa wao, walimfunga humo mmoja wa majemadari wao wakubwa, Theodoros Kolokotronis, mwaka 1825, na baadaye wakamtoa kwa sababu walimhitaji. Mtawa mmoja alitukaribisha kwa ishara, akatuwekea maji na vipande viwili vya pipi laini iliyonyunyiziwa sukari, akatuacha. Mzee aliwafungulia wanyama wapumzike kivulini.

Tukakaa kwenye benchi la mawe. Mmoja wetu akasema, "Baba, yule Bibi wa leo." Mwingine akasema, "Najua."

Tulizungumza kwa mara ya kwanza. Kila mmoja alisema alichojua. Mmoja alisema kwamba safari ya pili kati ya zile nne aliuona mlango uko wazi kidogo, akajua mtu yumo, na hakusema kitu kwa sababu tulikuwa tumechelewa kikao. Mwingine alisema kwamba aliposhika usukani kwenye kona ile alikuwa anafurahi jinsi gari linavyopanda. Hayo ni maneno madogo. Kuyatoa kulitugharimu kuliko mlima wote.

Martin Luther, katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, anapohesabu njia ambazo Mungu hutupatia msaada wa Injili dhidi ya dhambi, anataja Neno linalohubiriwa, Ubatizo, Chakula cha Bwana na uwezo wa funguo. Kisha anaongeza mazungumzo na faraja ya ndugu wao kwa wao. Mmoja wetu amelifundisha fungu hilo darasani kila mwaka. Siku ile alilihitaji. Pale kwenye benchi mume alimwambia mke kwamba kwa ajili ya Yesu Kristo amesamehewa, na mke akamwambia mume vivyo hivyo. Hatukuwa na kanzu wala kitabu cha liturujia. Tulikuwa na maji ya kunywa na sukari vidoleni.

Tangu siku ile tunausoma mfano wa Msamaria Mwema kwa macho mengine. Mara nyingi tumewahubiria ninyi washarika kwamba kuhani na Mlawi walikosa huruma. Pengine walikosa. Lakini Luka 10 haisemi kwamba walikuwa watu wabaya. Inasema walimwona, wakashika upande mwingine wa njia. Walikuwa wanaenda mahali. Na Msamaria naye alikuwa anaenda mahali, tena yeye alikuwa na usafiri. Tunasahau kumwangalia mnyama wake. Ili mjeruhiwa akae juu, mwenye mnyama ilibidi awe chini. Kuanzia pale mpaka nyumba ya wageni yule mwenye usafiri alikwenda kwa miguu, kwa mwendo wa mgonjwa, huku ameshika tandiko. Tumefanya hivyo kwa mwendo wa asubuhi moja tu, na tunajua jinsi unavyoona njia ukiwa pale chini.

Paulo mwenyewe, mtu wa safari ndefu, siku moja aliwatanguliza wenzake kwa meli kwenda Aso, yeye akaamua kwenda kwa miguu (Matendo 20:13). Luka hatuambii sababu. Na Bwana wetu alipofufuka, siku ileile ya ushindi wake, hakujitokeza kwanza mjini kwa watawala. Aliwafuata watu wawili waliovunjika moyo barabarani, akatembea nao mwendo wao mpaka kijijini, akingoja wamalize kusema yanayowauma. Imani yetu yote inasimama juu ya Mungu aliyeshuka. Hakutupungia mkono akipita.

Hatusemi watumishi wa Mungu wauze magari. Aliye na mgonjwa saa nane za usiku hahitaji mahubiri juu ya kutembea. Tunasema kwamba chombo tulichopewa ili tuwafikie watu kinaweza kutuzoeza kuwapita, na kinafanya hivyo bila sisi kuwa na nia mbaya hata siku moja. Nacho si gari peke yake. Simu hufanya hivyo. Ratiba ya vikao hufanya hivyo. Hata ibada nzuri iliyopangwa vema inaweza kufanya hivyo, watu wakaingia na kutoka na hakuna aliyejua kwamba mmoja wao ana wiki mbili hajatoka ndani. Ninyi mnaosoma mna nyumba yenu kwenye kona. Mnaijua.

Boti ya saa kumi na nusu tuliiwahi. Mzee alituteremsha mpaka gatini, na kwenye mlango wa bluu alisimama tena, kurudisha mtungi mtupu. Safari hii hatukutazama saa. Mmoja wetu aliomba ashushwe, akachechemea mpaka kwenye ngazi, akakaa dakika chache kando ya yule bibi. Hatuna lugha ya pamoja naye. Walishikana mikono.

Tuliporudi nyumbani, jambo la kwanza tulilofanya likizo ilipofika ni kwenda Upareni. Gari tuliliacha chini, barabara inapoanza kupanda. Goti lilikuwa limepona kiasi, na tulichukua karibu saa moja kufika kwenye kona. Nyumba bado ipo. Yule mjukuu sasa ni mama. Alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, akimenya tangawizi. Tulimwambia tuliyokuja kumwambia: kwamba tulimpita bibi yake, na kwamba tunaomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho. Aliinamisha kichwa, akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akaingia ndani akaleta kile kigoda na kiti kimoja cha plastiki.

"Kaeni kwanza mpumue," alisema. Kisha, alipokwisha kutumiminia chai, akaanza kutuambia nani ni mgonjwa.